Haki ya Kueleza Usichokiunda

Imezuka hivi karibuni, miongoni mwa watengenezaji wa programu huria moja ya kutunzia hesabu za vyama vya ushirika, hoja iliyonikera kiasi cha kuniondolea utulivu wa fikra, nayo ni kwamba asiyepata kuandika msimbo wa programu hana haki ya kuieleza. Kwa hoja hiyo wiki ya jamii, iliyokuwa imejazwa na watumiaji kidogo kidogo kwa miaka mingi, ilifungwa, na maelezo yote yakahamishiwa katika hazina ya msimbo, ambamo haliingii neno ila kwa idhini ya wahandisi. Na katika kuhama huko ukaachwa nje ukurasa wa karani mmoja wa ushirika, mwanamke mtu mzima, aliyekuwa ameeleza kwa subira kuwa umeme ukikatika katikati ya kuingiza malipo kisha ukarudi, programu huweza kuandika stakabadhi ile ile mara mbili, na jinsi ya kulinganisha namba za stakabadhi na daftari kabla ya kuendelea na kazi. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba programu haikukusudiwa kutumiwa hivyo. Jibu hilo naliona kuwa ni dhulma, na kwa kuwa dhulma ya namna hii huanzia katika fikra kabla haijafika mikononi, nataka kuichunguza fikra yenyewe.

Fasili hazina haja ya kutuchelewesha: programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa msimbo wake, na wiki ni mkusanyiko wa kurasa ambazo msomaji wake aweza kuwa mwandishi wake. Swali zito ni jingine. Kukijua kitu ni nini? Yule aliyekiunda huijua nia yake, yaani alilolitaka litendeke pindi mambo yote yakienda sawa. Na yule anayeishi nacho huzijua athari zake, yaani linalotendeka mambo yasipokwenda sawa, nayo kwa kawaida hayaendi. Elimu hizi mbili si ngazi mbili za elimu moja, hata iwe aliye chini angojee kupandishwa na aliye juu, bali ni elimu mbili zenye asili mbalimbali, na mhandisi anayekaa mahali ambapo umeme haukatiki hana njia ya kuipata elimu ya karani ila kwa kuambiwa naye. Programu ya OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret miaka miwili baadaye, isingalifaa kitu lau wabunifu wake wangalikataa kusikia habari za kliniki kutoka kwa wanaohudumu humo.

Ziko pingamizi za insafu. Yasemwa kwamba kurasa za wiki huchakaa, zikabaki zikieleza toleo ambalo halitumiki tena, na hilo ni kweli. Yasemwa pia kwamba waharibifu huingia wakafuta au wakaandika upuuzi, na hilo nalo ni kweli, ingawa historia ya kila ukurasa huhifadhiwa na kilichoharibiwa hurejeshwa. Nazikubali zote mbili.

Nisiyoweza kuivumilia ni ile isemayo kwamba msimbo wenyewe ndio maelezo, na kwamba atakaye kujua na ausome. Huletwa kwa sauti ya ukarimu, kana kwamba mlango umeachwa wazi na asiyeingia ajilaumu mwenyewe, ilhali asemaye hivyo ajua kabisa kwamba karani hakufunzwa lugha hiyo, na kwamba ushirika wake haukumwajiri ili aisome. Lakini hata tukimsamehe ukali wake, hoja yenyewe haisimami. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotoa mwongozo wa kwanza wa mfumo wao wa Unix, tarehe 3 Novemba 1971, hawakuwaambia wenzao wa Bell Labs wende wakausome msimbo, ijapokuwa wenzao hao walikuwa wataalamu wa hali ya juu na msimbo ulikuwa karibu nao. Bali waliiandikia kila amri ukurasa wake, wakaweka humo mahali pa kumtaja mwenye kuishughulikia na, jambo lililo tukufu zaidi machoni pangu, mahali pa kukiri kasoro zake. Watu hao waliuandika msimbo kwa mikono yao wenyewe, na bado waliona kwamba hautoshi.

Nao hautoshi kwa sababu iliyo katika tabia yake. Msimbo husema mashine imeamriwa nini. Hausemi kwa nini imeamriwa hivyo na si vinginevyo, wala hausemi ni lipi lililosahauliwa. Kasoro ile ya stakabadhi mbili haimo katika mstari wowote wa programu ile ya ushirika: imo katika mstari ambao haukuandikwa, ule ambao ungeiambia mashine iyahesabu malipo yaliyokatizwa kuwa hayakutokea. Mtu aweza kuusoma msimbo mzima toka mwanzo hadi mwisho, kwa ujuzi na kwa utulivu, asikutane na kasoro hiyo, kwa kuwa kutokuwepo hakuonekani kwa kusoma. Huonekana kwa yule ambaye jioni hesabu zake zimekataa kulingana na fedha zilizomo sandukuni.

Kuna na jambo jingine, nalo ndilo linaloniwasha zaidi. Leseni ya GPL, ambayo tangu toleo lake la pili la mwaka 1991 imeenea katika programu huria duniani, ina vifungu vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, vikisema kwamba programu yatolewa bila dhamana, na kwamba hatari yote ya ubora na utendaji wake ni juu ya mtumiaji. Leseni nyingine huria nazo husema karibu yayo hayo. Siwalaumu walioandika vifungu hivyo, maana mtu anayetoa kazi yake bure hawezi kudaiwa fidia na dunia nzima. Lakini lazima tuseme linalofuatana na hukumu hiyo: ikiwa hatari yote ni ya karani, basi kumzuia asiieleze hatari ile ile kwa wenziwe ni kumtwika mzigo na kumnyang'anya ulimi kwa wakati mmoja, na sijui msingi wowote wa haki, uwe wa sheria au wa desturi, unaomruhusu mtu kukataa dhamana ya kitu kisha akajiwekea yeye peke yake haki ya kukisemea.

Wala wenye hoja hiyo hawana hata historia ya kuwaunga mkono. Aliyeianzisha wiki ya kwanza, mwezi wa Machi 1995, ni Ward Cunningham, mwandishi wa programu, na aliianzisha kwa ajili ya waandishi wa programu wenzake, akaridhia kila apitaye aweze kulirekebisha neno la aliyetangulia. Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa auonea haya msimbo, alihoji kwa nguvu kwamba upungufu mkubwa wa mifumo huria haukuwa katika programu bali katika kukosekana kwa miongozo mizuri iliyo huru kama programu zenyewe. Na mwaka 2000 ikatolewa leseni ya GFDL kwa ajili ya miongozo hiyo, ambayo baadaye ilikuja kuichukua Wikipedia nzima tangu kuanza kwake mwaka 2001 hadi 2009. Na leo mtu anayetumia mfumo wa Debian au wa Fedora, akishindwa na printa au sauti, aghalabu hujikuta akisoma wiki ya Arch Linux, mfumo ambao si wake, kwa sababu huko wapo watu wa kujitolea walioeleza kwa usafi programu ambazo wengi wao hawakuziunda.

Hapa akili yangu, kwa mazoea yake ya siku nyingi, yanipeleka kwenye vitabu vya fiqhi, na msomaji aniwie radhi. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaji, matini fupi ya madhehebu ya Shafi. Akaja al-Mahalli katika karne ya kumi na tano akaitilia sherehe, yaani ufafanuzi, kisha Umayra na Qalyubi wakaitilia sherehe hiyo hashia zao, yaani maelezo juu ya maelezo. Ibn Hajar al-Haytami na ar-Ramli nao waliisherehesha matini ile ile wakahitilafiana katika masuala mengi, hata wanazuoni wa Hadhramaut, ambako walimu wengi wa pwani yetu walichota elimu, wakaelekea zaidi kwa Ibn Hajar, na wale wa Misri kwa Ramli. Napenda sana kuvitazama vitabu vya namna hiyo, ambamo maneno ya karne kadhaa hukaa pamoja katika ukurasa mmoja, kila mmoja akimjibu aliyemtangulia bila kumfuta. Sijapata kusikia kwamba yupo aliyesema matini yajitosheleza na asiye Nawawi anyamaze. Ilijulikana kwamba maneno yakishatoka kwa mwenyewe huenda yakakutana na mambo ambayo yeye hakuyaona, na kwamba aliyekutana na mambo hayo ndiye anayepaswa kuandika.

Lakini mwenye hashia alikuwa na ijaza, yaani idhini ya mwalimu wake. Alisoma kwa mwalimu anayejulikana, aliyesoma kwa mwalimu anayejulikana, na akikosea, jina lake na la sheikh wake hubaki pale pale penye kosa. Mwandishi wa wiki pengine ni lakabu tu na tarehe. Huweza kusemwa kwamba historia ya ukurasa ni silsila ya namna yake, kwani kila badiliko limehifadhiwa pamoja na aliyelifanya. Lakini silsila hiyo yaonyesha nani alisema baada ya nani, haionyeshi nani alimwamini nani. Karani wangu alikuwa sahihi. Mwingine, kwa nia njema ile ile na chini ya haki ile ile, angaliweza kuandika jambo la kuupotezea ushirika fedha za wanachama wake, na sioni ni nani ambaye tungemwita atoe jawabu.

Na tatizo la dhamana halikomei kwenye kosa. Mwaka 2008 wiki moja ya watumiaji wa Gentoo, mfumo mwingine huria, isiyokuwa rasmi lakini yenye kutegemewa na wengi, ilipoteza data zake, na watu wakalazimika kuokoteza kurasa kutoka katika nakala zilizobaki kwenye mitambo ya kutafutia. Nani aliyefanya taksiri? Rai moja husema ni mwenye seva, na ni rai nyepesi. Rai ya pili husema kwamba kitu kilichoandikwa na wote ni amana kwa wote, na kwamba kila msomaji aliyeweza kuhifadhi nakala asiihifadhi anayo sehemu yake katika hasara. Rai hii yanitaabisha, kwa kuwa yamtwika msomaji wajibu asiouomba, naye huenda alikuja kutafuta jibu moja tu la printa yake. Na hata hivyo kila nikijaribu kuikana naona kwamba hoja ninazozitumia kumwondolea msomaji wajibu ndizo hizo hizo ambazo wahandisi wale wangezitumia kumwondolea haki.