Mkoba Uliosahaulika kwenye Bodaboda

Tarehe 27 Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Manispaa ya Bukoba, alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu wa nidhamu. Alikuwa na umri wa miaka 13. Alishukiwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine, aliyekuwa amefika shuleni kwa bodaboda. Baadaye mkoba ulipatikana: mwenyewe alikuwa ameusahau kwenye pikipiki. Machi 2019 Mahakama Kuu, Bukoba, ilimtia hatiani mwalimu aliyechapa kwa kosa la mauaji na kumhukumu kunyongwa. Mwenye mkoba aliachiwa huru.

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama habari za mwalimu mmoja aliyepitiliza. Anayekisimulia hivyo anajitoa kwenye hesabu, na anawatoa pia walimu wote ambao jana na juzi walimwita mtoto ofisini, wakamtazama usoni, wakaamua. Kinachonishughulisha mimi ni zile dakika za kabla ya fimbo. Sijui zilikwendaje Kibeta, lakini najua zinavyokwenda katika ofisi nyingi za walimu. Mtoto anasimama mbele ya watu wazima, anaulizwa swali ambalo jibu lake limeshaamuliwa. Anatazama chini. Anagugumia. Mara anasema hakukiona hicho kitu, mara anasema labda alikiona. Au ananyamaza kabisa. Hapo mwalimu mmoja humgeukia mwenzake na kusema, "Unaona? Mwenyewe anajua."

Ila mtoto mwenye hofu naye hutazama chini, hugugumia, hujichanganya na kunyamaza. Kwa kumtazama tu huwezi kumtenga na mwenye hatia. Na hofu iliyokaa mwilini muda mrefu haiigi hatia peke yake: huonekana kama uvivu, jeuri, utoro, kichwa kigumu. Mwalimu anayesoma sura bila kuuliza ataipiga hofu akidhani anapiga uvivu, na kesho yake atakuta uvivu umeongezeka.

Nayaandika haya nikiwafikiria zaidi walimu wa Mbuba na kata jirani wilayani Ngara, mkoa huohuo wa Kagera, na wenzao wa Biharamulo. Si kwamba wao wanachapa kuliko wengine. Ni kwamba watoto wanaoketi mbele yao wametoka katika nyumba zilizoona mengi. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Mrundi anaweza kuzungumza na Mhangaza wa Ngara bila mkalimani. Vita vya majirani havikuwahi kuwa habari za redioni tu. Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na watu wakaanza kuvuka. Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika mauaji ya kimbari, katika muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 walipita daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaa kambi ya Benaco. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi waliendelea kukaa kambi ya Lukole kwa miaka mingi, na baadhi yao walipitia kwanza kituo cha mpito cha Mbuba. Kisha ikaja Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Katika nyumba za mpakani, ambako mume anaweza kuwa wa huku na mke wa kule, operesheni ya namna hiyo haiishii kwenye karatasi. Kuna watoto walioamka wakakuta mzazi mmoja hayupo.

Na kama hayo yote yanaonekana ya zamani, Novemba 8, 2017 bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, humu humu Ngara. Mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu, akaja nalo shuleni. Watoto watano walifariki, wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa, wakakimbizwa hospitali ya Rulenge. Magazeti yaliandika juu ya majeruhi, kama ilivyopasa. Lakini wale waliotoka bila mkwaruzo nao walisikia mlipuko na kuwaona wenzao. Mtoto wa namna hiyo hana bandeji ya kumwonyesha mwalimu. Mwaka unaofuata anahamia shule nyingine, tuseme Mbuba, na mwalimu mpya anapewa jina na namba ya usajili tu.

Ubongo wa mtoto aliyenusurika hatari huendelea kulinda zamu hata hatari ikishapita. Mwili unamwaga homoni za tahadhari kwa sababu ndogo: mvua ya mawe juu ya bati, tairi la lori kupasuka kwenye barabara ya Rusumo, mwalimu kupiga meza ili darasa litulie. Moyo unaenda mbio, masikio yanasikiliza mlango, na ile sehemu ya ubongo inayokokotoa sehemu na desimali haipati nafasi. Mtoto anamsikia mwalimu vizuri kabisa na bado hashiki alichosema. Mwingine hafanyi fujo wala hashtuki. Anaganda, anatazama dirishani kama asiyekuwepo. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote, maana hasumbui mtu.

Tusidanganyane pia. Si kila anayesinzia amejeruhiwa moyoni. Yupo aliyelala njaa, yupo asiyeona ubao, yupo aliyeanza darasa la kwanza akijua Kihangaza peke yake na hajawahi kukaa sawa na Kiswahili cha kitabuni. Kuna mwanafunzi wa darasa la sita asiyejua kusoma, ambaye amejifunza ujanja wa miaka sita wa kuficha, na kwake kuitwa mtukutu ni nafuu kuliko kuitwa mjinga. Yupo aliyekwishapiga hesabu kwamba kupakua mizigo Benaco kunalipa leo, na cheti hakijulikani kitalipa lini. Na wavivu wa kawaida wapo, tena wengi. Ndiyo maana swali linatangulia fimbo: hawa wote wana sura moja asubuhi, na kila mmoja anahitaji jambo lake.

Ajabu ni kwamba Kagera imewahi kuwa na walimu waliolijua hili mapema. Makambi ya Ngara yalipofunguliwa 1994, walimu wakimbizi waliwakusanya watoto kabla hakujakuwa na paa. UNESCO na shirika la GTZ la Ujerumani walipeleka masanduku ya vifaa yaliyotayarishwa kwa dharura: sanduku moja lilimtosha mwalimu mmoja na watoto 80, nusu wakisoma asubuhi na nusu mchana, kusoma, kuandika na kuhesabu. Chaki na madaftari vilisaidia, lakini naamini kilichosaidia zaidi ni saa. Mtoto aliyepoteza kila kitu alijua kwamba jua likifika mahali fulani mtu fulani atamwita jina. Utafiti uliofanywa Rwanda mwaka 1995 kwa watoto zaidi ya 3,000 ulikuta wanne katika kila watano wamefiwa na mtu wa familia. Walimu wa kambini hawakuhitaji utafiti. Walikuwa wamefiwa wenyewe. Na walifundisha mahali ambapo waliokimbia mauaji na walioyafanya walipanga foleni moja ya maji, kwa hiyo kumlazimisha mtoto asimulie mbele ya wenzake kungeweza kumhatarisha. Busara yao ya kutochokonoa ilikuwa na sababu.

Mfano wa pili uko Nshamba, wilayani Muleba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka kumi na tano baadaye mkoa ulikuwa na yatima kila kijiji. Mradi wa Humuliza, ulioanzishwa Nshamba kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi, ulichagua njia ambayo wakati ule haikuwa ya kawaida: badala ya kugawa sare na madaftari tu, ulikaa na walimu na kuwafundisha namna mtoto anavyoomboleza. Mtoto haombolezi kama mtu mzima. Analia asubuhi, mchana anacheza mpira, jioni anampiga mdogo wake. Asiyejua hilo humwona yatima anayecheka na kusema amesahau. Mwaka 2000 vijana yatima wa huko waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakatembeleana na kusaidiana wenyewe, na mawazo ya Nshamba yakawa moja ya mizizi ya shirika la REPSSI linalofanya kazi hiyo katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Basi mwalimu wa Mbuba mwenye watoto 90 darasani afanye nini Jumatatu? Hatageuka mnasihi kwa watoto 90, na asijaribu. Anachoweza ni kuifanya siku itabirike: kipindi kianze vilevile kila siku, na jambo likibadilika watoto waambiwe mapema. Anaweza kusimama mlangoni asubuhi na kuwasalimu kwa majina. Kazi ya dakika tano, na hapo ndipo atakapoona nani kaja na sare ya jana yenye matope na nani haitikii. Mtoto anayetazama sana mlango akae karibu nao. Anayeganda apewe kazi fupi anayoweza kuimaliza, kufuta ubao, kuhesabu vitabu, hesabu mbili badala ya kumi, kwa sababu kumaliza kitu ndiko kunakorudisha hamu. Yule wa darasa la sita asiyejua kusoma aanzie kitabu cha darasa la pili, lakini pembeni, wenzake wakiwa nje.

Namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. "Kwa nini umechelewa?" ni swali la mahakamani. "Jana ulilala wapi? Nani alikuwa nyumbani? Umekula?" ni maswali ambayo shangazi angeuliza, na mtoto wa Kihangaza au wa Kisubi anajua kuyajibu. Aulizwe akiwa peke yake na mwalimu lakini mahali panapoonekana, chini ya mti, si ofisini penye fimbo ukutani. Akinyamaza, aachwe, aambiwe tu kwamba mlango uko wazi. Akisema jambo zito, kama kipigo cha kuumiza au kuingiliwa kimwili, mwalimu asimwahidi siri. Hilo ni la mwalimu wa malezi, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure 116. Mwalimu anayelibeba peke yake huishia kulinyamazia, na hapo mtoto ameumizwa mara mbili.

Wapo watakaosema bila fimbo darasa la 90 halitawaliki. Nawaelewa. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yalifurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Lakini fimbo hatujaikosa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kama kipigo kingekuwa dawa ya utoro, utoro ungekwisha zamani.

Hata sheria yenyewe haimruhusu mwalimu kuchapa anavyotaka. Kanuni za viboko za 1979, zilizorekebishwa 2002, zinaweka mwisho wa viboko vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kila mara iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la mchapaji. Mkuu wa shule hahitaji waraka wa wizara ili achukue rula na kuongeza safu ya tano: mtoto aliulizwa nini kwanza, na nani, na alijibu nini. Pasipo na cha kuandika kwenye safu hiyo, mtoto arudi darasani.