Nahodha Anayesema Leo Hatutoki

Somo la juma: Matendo ya Mitume 27:9–44

Mtu anayekuja Watamu kuvua kwa ndoana ya manyoya huanza safari yake mapema sana. Boti ameikodi miezi kadhaa kabla, arubuni amelipa, na jioni za baridi kwao Ulaya amekaa mezani akifunga kwa mikono yake vile vidudu vya manyoya na nyuzi zing'aazo vinavyoigiza dagaa na kaa wadogo. Likizo yake ni fupi. Anafika pwani, analala usiku mmoja akisikia bahari, na alfajiri anamkuta nahodha amesimama ufukoni akitazama nje ya mwamba. Nahodha anageuka, anamwambia: leo hatutoki.

Ndugu zangu, juma hili nataka tukae na neno hilo.

Usharika wetu una watu wengi wanaokula kwa kazi ya boti hizi: mabaharia, mafundi wa injini, akina mama wanaowapikia wageni. Wanajua kwamba uvuvi huu ni mwepesi wa kuharibika kuliko mwingine wote. Mvuvi wa kawaida ana chubwi au chambo kizito cha kupeleka mshipi wake majini. Huyu wa manyoya ndoana yake haina uzito wowote. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, nao hurushwa mbele na nyuma juu ya kichwa mara kadhaa kabla ya kutua. Upepo ukiwa mkali mshipi hurudi na kujikunja, na ndoana ikaishia sikioni mwa mwenyewe.

Kwa samaki mkubwa kama sulisuli kazi ni ngumu zaidi. Mabaharia huburuta nyuma ya boti ngisi wa plastiki na minofu isiyo na ndoana, kumrairai tu. Sulisuli akija amewaka rangi, pezi lake kubwa la mgongoni limesimama kama tanga, baharia humnyang'anya kile chambo mdomoni na mteja hurusha manyoya yake mahali pale pale. Lakini kanuni za mchezo zinataka gia itolewe kwanza. Basi katika dakika ile watu wote wamehemkwa, boti haina mwendo, imelala ubavu kwa mawimbi. Nahodha anayeangalia bahari alfajiri anaifikiria dakika hiyo.

Anafikiria pia kurudi. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa iliyokuwa salama jana si lazima iwe salama leo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Hori ya Mida yote, na mikoko yake, humwagika baharini kupitia mlango mmoja. Maji yakitoka kwa kasi hapo huku kusi ikisukuma kutoka nje, mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana. Mteja aliyeshika fimbo yake mpya haoni hayo. Anaona jua, anaona minazi, anaona wenzake wakiogelea ndani ya mwamba ambako maji yametulia.

Zamani, wazee wanasema, kukisia kulikuwa rahisi. Walihesabu siku za mwaka kwa miongo tangu Nairuzi, wakajua kaskazi itashika lini, matlai lini, na kusi itakuja lini na mvua zake. Boti za kuvulia sulisuli bado zinafuata mpango huo kwa ujumla: Desemba hadi Machi ndiyo neema yao, na Mei hadi Julai nyingi hupandishwa pwani zipakwe rangi. Lakini mpango umeanza kuyumba. Bahari ya Hindi inapata joto, na mvua huja nje ya hesabu. Mto Sabaki ukifurika, maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa hata miezi tusiyoitazamia. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuliamini vimbunga ni habari za Madagaska na Msumbiji, maana hapa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvisokota. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia kisiwani Mafia. Vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimama, na serikali za nchi mbili ziliwaambia watu wakae mbali na bahari. Tangu hapo nimewaona hata manahodha wazee wakitazama simu zao kabla ya kutazama mbingu. Wengine huyatazama yote mawili, kisha humuuliza mvuvi wa ngalawa aliyelala nje usiku kucha. Huyo wa tatu ndiye ningemwamini zaidi mimi, lakini sina utaalamu wa bahari.

Sasa twende kwa Luka. Meli kutoka Iskanderia, imebeba ngano na watu 276, imetia nanga mahali paitwapo Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete. Siku ya kufunga ya Wayahudi imekwisha pita, maana yake msimu salama wa kusafiri umekwisha. Paulo, mfungwa, anawaambia kwamba wakitoka watapata hasara ya shehena, ya meli, na ya roho za watu. Yulio, yule akida, anamsikiliza nahodha na mwenye meli. Walio wengi wanaunga mkono. Sababu wanayoitoa ni kwamba bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kule Foinike, bandari nyingine ya Krete, kungekuwa kuzuri zaidi. Kisha upepo wa kusini unavuma kidogo, wanadhani wamepata walichotaka, wanang'oa nanga.

Kwetu sisi hapa kuna kichekesho. Kusi yetu ndiyo kali na kaskazi ndiyo mpole. Wao upepo wa kusini uliwabembeleza, kisha ule wa kaskazini-mashariki, Eurakilo, ukawashukia kutoka milimani Krete na kuwapeleka usiku kumi na nne wasijue waliko.

Mahubiri yetu huikimbilia dhoruba, na malaika, na kuokoka Malta. Tunapita haraka juu ya jambo moja gumu: aliyekosea alikuwa nahodha. Akida alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alimwamini mtaalamu kuliko mhubiri. Mimi ningefanya hivyo hivyo, na ningewashauri nanyi mfanye hivyo. Mchungaji akikuambia habari za bahari, kamuulize baharia. Basi kwa nini safari hii mtaalamu alikuwa kipofu na mfungwa akaona?

Jibu la kwanza ni kwamba Paulo hakuwa mgeni wa maji. Alipowaandikia Wakorintho barua ya pili, kabla ya safari hii, alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na meli mara tatu na kukesha usiku na mchana kilindini. Luka hasemi kwamba onyo lile la kwanza lilitoka kwa malaika. Malaika anakuja baadaye. Pale Bandari Nzuri Paulo alisema alichokiona kwa macho yake na kwa mifupa yake.

Jibu la pili ndilo lililonishika juma hili. Mwenye meli alikuwa na ngano ya kuuza Rumi. Nahodha alikuwa na mwenye meli wa kumridhisha. Akida alikuwa na wafungwa wa kukabidhi. Kila mmoja aliyesema twende alikuwa na kitu cha kupata kwa kwenda. Paulo hakuwa na cha kupata kwa kubaki. Ningethubutu kusema kubaki kulimwongezea tu miezi ya minyororo. Neno lake lilimgharimu yeye mwenyewe, na kwa hiyo lilistahili kusikilizwa hata na wale wasioamini Mungu wake.

Tazameni tena ufuko wa Watamu. Yule nahodha anayesema leo hatutoki anajikata mkono. Siku ya kutotoka ina ujira mdogo au haina kabisa, bakshishi haipo, na mteja anaweza kwenda kumnong'ona hotelini kwamba ni mwoga. Jirani yake mwenye boti mbovu na deni anaweza kusema mimi nitakupeleka. Nahodha akishikilia neno lake katika hali hiyo, neno hilo lina uzito ambao hakuna cheti kinachoweza kulipa. Wengi wa manahodha wetu ni Waislamu, na mteja akiwauliza kama kesho watatoka hujibu Inshallah. Wageni wengine hudhani ni kukwepa swali. Yakobo aliwafundisha Wakristo waseme vivyo hivyo, Bwana akipenda, badala ya kutangaza mji watakaokwenda na faida watakayopata.

Neno linalomgharimu msemaji tunalikuta pia katika habari za mfalme Ahabu. Alikuwa na manabii mia nne waliokula kwake, na wote walimwambia apande Ramothi-Gileadi, atashinda. Aliitwa mmoja zaidi, Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alimchukia kwa sababu hakumtabiria mema. Mjumbe aliyekwenda kumwita alimshauri njiani aseme kama wenzake. Soma 1 Wafalme 22 uone ni nani aliyelala gerezani usiku ule, na ni nani aliyerudishwa amekufa ndani ya gari lake la vita.

Nasema haya nikijitazama mimi na wenzangu wa madhabahuni. Kanisa la siku hizi nalo lina wateja. Kuna mtu hutoa sadaka kubwa, kisha anakuja na mkataba wa mkopo uombewe, na riba yake ni kamba shingoni. Wapo wazazi wanaotaka ndoa ifungwe Jumamosi ijayo kwa sababu ukumbi umelipiwa, na binti mwenyewe ameniambia faraghani hataki. Mgonjwa naye anataka aambiwe amepona, aache dawa, na mahali fulani yuko mhubiri atakayemwambia hivyo kwa ada. Kusema leo hatutoki mbele ya watu hawa ni kupoteza fungu la kumi, na wakati mwingine ni kumpoteza mshirika akaenda kanisa la ng'ambo ya barabara. Sisi wa kaunti hii hatuna udhuru wa kutojua. Shakahola haiko mbali na hapa, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule kuanzia 2023. Watu wale walimfuata mhubiri aliyewaita wengine wote waongo. Kwa hiyo sikuambii umfuate nahodha kwa sababu ni nahodha, wala mchungaji kwa sababu amevaa kola. Uliza anapata nini ukikubali. Mungu alitupa akili za kuuliza swali hilo, nalo halipunguzi imani.

Kuna kisa kingine ndani ya sura ile ile ambacho mabaharia wetu watakielewa kuliko mimi. Usiku wa kumi na nne walipima kwa bildi, wakapata pima 20, wakaenda kidogo wakapata 15, wakatupa nanga nne za tezi. Hapo mabaharia wakashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutupa nanga za omo, kumbe wanataka kukimbia. Paulo akamwambia akida kwamba hawa wasipokaa melini, hamtaokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Wataalamu wale wale waliowatoa bandarini walikuwa wa kwanza kutafuta mlango wa nyuma. Napenda pia kwamba Luka hakuificha ile tabia ya Paulo ya kuwakumbusha kuwa aliwaambia. Ni mtume, lakini ni binadamu. Baada ya kuwakumbusha aliwasihi wale chakula. Wote 276 walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Basi nina ombi, na ni la vitendo.

Nahodha hawezi kuendelea kusema kweli kama kila kweli inamnyima unga. Baharia ambaye hulipwa kwa siku za kutoka tu atajikuta anayaona mawimbi madogo kuliko yalivyo, naye hatakuwa mwongo. Njaa hupunguza kimo cha wimbi machoni mwa mtu. Wako kati yenu wenye boti, na wenye hisa katika boti, na wanaosimamia hoteli zinazowaletea wateja. Nawasihi muwalipe mabaharia wenu hata siku boti inapobaki kwa sababu ya hali ya hewa. Muandike kwenye mkataba, kabla mgeni hajapanda ndege, kwamba neno la nahodha kuhusu bahari ndilo la mwisho, na kwamba arubuni yake itahamia siku nyingine. Mgeni mwungwana atakubali. Asiyekubali, heri fedha yake aende nayo.

Kaskazi inakaribia na wageni wanaanza kuweka nafasi. Yafanyeni haya kabla ya Desemba, na wazee wa kanisa wataniuliza mimi, nami nitawauliza ninyi, kama yamefanyika.