Kiyama Ndani ya Kisanduku



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mwenye kumiliki siku ya malipo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu wanachuo, baada ya darsa moja mwenzetu alituonyesha kwenye simu sarafu za fedha alizotaka kuagiza kutoka ng'ambo, zenye picha za Ragnarok, akauliza kama ni halali. Wengine walicheka. Mimi naona ameuliza jambo zito.

Ragnarok ni kiyama cha watu wa Skandinavia ya kale. Habari zake nyingi ziliandikwa Iceland katika karne ya 13 na Snorri Sturluson, wakati watu wake walikwisha kuwa Wakristo. Wanasema itatangulia misimu mitatu ya baridi kali bila kiangazi katikati, na mbwa mwitu atalimeza jua. Odin, mkubwa wa miungu yao, atamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Thor atamuua nyoka mkubwa, kisha aende hatua tisa na kuanguka kwa sumu yake. Yaani siku ile waabudiwa nao wanakufa! Muislamu aliyesoma Suratur-Rahman anajua kwamba kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka, na Atakayebaki ni Mola Mwenye utukufu. Kwa hiyo tusizilinganishe habari hizi mbili kana kwamba ni ndugu.

Sarafu zenyewe si za kununulia ndizi sokoni. Mara nyingi sarafu za namna hii hupigwa kwa fedha safi, aunsi moja, yaani gramu 31.1, na kutolewa kwa jina la visiwa vidogo vya Pasifiki kama Niue na Cook Islands. Hupigwa chache makusudi ili uhaba upandishe bei, kisha mnunuzi anaziweka kisandukuni.

Kuna jambo la kihistoria ambalo wengi wetu hatufundishwi. Waviking, waliokuwa wakimwabudu huyo Odin, waliipenda sana fedha ya Waislamu. Mwaka 1999, katika kisiwa cha Gotland, Sweden, ilifukuliwa hazina ya kilo 67 hivi, yenye sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu kutoka nchi za Kiislamu, zilizofukiwa tangu karne ya 9. Dirhamu za zama zile ziliandikwa Laa ilaaha illa Allah. Na Snorri anasimulia kuwa Odin aliwaahidi watu wake kwamba mtu atastarehe huko Valhalla kwa mali aliyoizika mwenyewe ardhini. Sisemi kila hazina ilizikwa kwa imani hiyo. Wapo waliowaogopa wezi tu. Lakini tazama: jana neno la tauhidi lilifukiwa na watu wa Odin, na leo mtu wa tauhidi anajinyima chakula cha bwenini ili apate sura ya Odin.

Kuhusu picha, tuseme kwa insafu. Waislamu wa mwanzo walitumia dirhamu za Kiajemi zenye sura ya mfalme upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, kwa kuwa ndizo zilizokuwa sokoni. Mwaka 77 Hijria Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akapiga dinari za maandishi matupu, na dirhamu zikafuata. Wale walikuwa na haja. Wewe unayeichagua sarafu kwa sababu ya sura ya mwabudiwa wa watu, haja yako ni ipi?

Ila kwangu picha si tatizo kubwa zaidi. Tatizo ni biashara yenyewe. Katika Hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.), dhahabu na fedha hubadilishwa mkono kwa mkono. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliamua kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha. Sasa wewe unalipa leo kwa simu, na fedha inafika baada ya mwezi, ikifika. Hapo pana mlango wa riba, na kabla ya kutuma pesa muulize shekhe anayeijua fiqhi ya biashara. Usiniulize mimi wa mwaka wa pili.

Na aliyekwisha kuwa nazo asidhani ni mapambo. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, sawa na gramu 595 hivi. Sarafu 19 hazifiki. Ya 20 inavuka, na akiba yako ya noti huhesabiwa pamoja nazo. Mwaka ukitimia, sehemu moja katika 40 si yako tena. Katika Suratut-Tawba, aya ya 34 na 35, Allah anawaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia Yake: mali ileile itatiwa moto, na wenyewe wachomwe nayo mapaji ya nyuso, mbavu na migongo.

Wapo wenzetu humu chuoni wanaokula mara moja kwa siku, nao ni katika mafakiri waliotajwa katika aya ya 60 ya sura hiyohiyo. Anayetaka kukokotoa zaka yake aje msikitini Ijumaa baada ya Alasiri, aje na mizani.

Wabillahi tawfiq.