Pua Si Mizani, Ewe Mwenye Bwawa!

Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama na Geita! Nina swali moja, na kila mtu ajibu moyoni mwake. Ni nani kati yenu atakayeuza dhahabu kwa kuitazama tu kiganjani? Hayupo! Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, hata mchimbaji aliyetoka duarani sasa hivi, matope yakiwa bado magotini, anasimama mbele ya mizani na kukodoa macho. Gramu moja ikipungua, patachimbika.

Basi imekuwaje mtu yule yule, Mungu akimjalia akajenga nyumba yenye bwawa la kuogelea uani, au akafungua hoteli yenye bwawa, aanze kumwaga klorini kwa kopo la rangi, anuse, kisha aite, "Watoto, ingieni"? Gramu moja ya dhahabu unaipima mara tatu, lakini maji yatakayoingia machoni, masikioni na tumboni mwa mwanao unayapima kwa pua!

Pua si mizani. Tena pua inakudanganya. Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo wageni husema "klorini imezidi leo", kwa kawaida si ya klorini kuzidi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogaji, ikachoka, ikabaki kunuka. Mara nyingi bwawa linalonuka hivyo linadai klorini zaidi! Klorini huru, ile yenye nguvu ya kuua vijidudu, inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita, na katika kiasi hicho hainuki sana. Utaijuaje, kama hupimi?

Wachenjuaji wa dhahabu, hapa nawashika ninyi. Kwenye matangi ya sianidi mnatia chokaa, na mnajua sababu. Kipimo cha pH, yaani cha asidi na alkali majini, kikishuka chini ya 10, sianidi inaanza kutoka majini ikiwa hewa, na hewa hiyo haibishi hodi. Kwa hiyo kijana wa zamu anapima usiku wa manane, anapima mvua ikinyesha, wala sijasikia msimamizi akimwambia, "Angalia tu kwa macho." Elimu hiyo mnayo! Ila mnaivua getini pamoja na buti.

Bwawani pH inatakiwa isimame kati ya 7.2 na 7.8. Ikishuka chini ya 7, maji yanakula chuma na plasta, na macho yanawaka. Ikipanda ni hasara nyingine, ya kimya. Kwenye pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini yako iko macho inafanya kazi. Ikifika 8, ni kama robo tu, na pengine haifiki. Nyingine ipo majini imelala, na uliilipia. Na ule unga wa klorini wenyewe, tunaoununua kwa ndoo, unapandisha pH. Unaona mtego? Maji yanageuka kijani, unamwaga unga. pH inapanda, klorini inalala. Ukoga unanenepa, unamwaga tena. Huko si kutibu maji, ni kulisha tatizo kwa mkono wako. (Kipimo hicho cha pH, kwa taarifa yenu, kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark. Watu walipimia pombe kwa makini hivyo, sisi tunashindwa kupimia watoto.)

Yajue pia maji yako yametoka wapi. Ya bomba la Ziwa Victoria, yanayovutwa Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, ni maji laini. Hayana mwili wa kuishikilia pH, hivyo inayumba kama mlevi, asubuhi hapa, jioni kule. Ya kisima cha Shinyanga mara nyingi ni magumu, yana chumvi, na huacha gamba jeupe kwenye vigae. Maji mawili, tiba mbili. Kile kinachoishikilia pH huitwa ualkali, na kinatakiwa kiwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Anza nacho, ndipo urekebishe pH, halafu klorini iwe ya mwisho. Ukigeuza mpangilio huo utafanya kazi mara mbili.

Twende kwenye hesabu, maana imani bila hesabu hapa inaua. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani wa mita 1.5, lina lita 75,000. Umepima ukakuta klorini 0, unataka 2. Zinahitajika gramu 150 za klorini. Unga wako una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo utapima gramu 230. Hiyo haifiki robo kilo! Mama anayekwenda dukani kwa sukari anaijua robo kilo. Sasa yule anayemwaga nusu ndoo anatibu nini, Ziwa Victoria? Na kama ualkali ni 50 unautaka 80, hapo zitaingia karibu kilo nne za baikabonati. Kipimo ndicho kinachosema wapi pa kubana na wapi pa kuachia mkono.

Mtu ataniambia kupima ni gharama. Ndugu yangu, ukiharibu bwawa hilo hadi ulimwage, umemwaga ndoo 3,750 za lita ishirini. Shinyanga! Mji ambao kabla ya maji ya ziwa kufika mwaka 2009 ulikuwa ukiliangalia bwawa la Ning'hwa na mawingu kwa zamu. Mwaga basi ndoo hizo mchana, mama zetu wakiona.

Na sasa nipaze sauti. Asidi na klorini zisikutane nje ya bwawa, kamwe! Asidi ikigusa sianidi mnajua kinachotoka. Ikigusa klorini inatoka gesi ile ile iliyofunguliwa juu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Na wewe umeziweka pamoja stoo, rafu moja, jirani na unga wa ugali. Nabii Elisha alipoponya maji ya Yeriko aliagiza chumvi iletwe katika chombo kipya. Hakuchukua kopo lililokuwa na asidi jana. Mimina dawa kwenye maji, usimimine maji kwenye dawa. Ukitia asidi, acha pampu izungushe saa kadhaa kabla ya klorini. Na klorini iweke jioni, kwa sababu jua letu, lisipozuiwa, linaila nusu yake katika muda wa saa moja hivi.

Hata kipimo kina hila, msikie hili. Tone la kupimia klorini hugeuza maji yenye klorini kuwa pinki. Lakini klorini ikizidi sana inaichoma ile rangi, kichupa kinabaki cheupe, na wewe unasoma sifuri. Ukiona pinki imetokea ikafutika palepale, usiongeze kitu! Changanya sampuli na maji safi yasiyo na klorini, upime upya. Na vichupa vya dawa ya kupimia visiachwe kwenye dashibodi ya gari, joto linaviua.

Haya. Anayezijua lita za bwawa lake anyooshe mkono. Mmoja? Wawili? Wengine wote, futikamba iko kwa fundi aliyewajengea. Pimeni urefu, upana na kina leo kabla jua halijazama. Kesho saa moja asubuhi, ingiza mkono hadi kwenye kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji, chota, weka karatasi nyeupe nyuma ya kichupa, na mwite yule mtoto anayeogelea humo akusomee rangi.