Imekatika au Imekatwa?

Tokeni zikiisha, mita haizimi kimyakimya. Ukiwa karibu utasikia "tak!" moja kavu, friji inaguna mara ya mwisho, halafu unachungulia dirishani kuona kama ni ploti nzima ama ni wewe tu. Ni wewe tu. Ukimpigia mtu simu utamwambia, "Stima imekatika." Hutasema imekatwa. Kiswahili kinatupa vitenzi viwili hapo: kimoja kinamtafuta mtendaji, kingine hakimtafuti. Na sisi, bila kufikiri, tunachagua kile kisichomtafuta mtu.

Ile "tak" ni rilei. Ni kitu rahisi mno kwa kazi kinayoifanya. Zungusha waya mwembamba mara nyingi kwenye kipande cha chuma laini, pitisha umeme kidogo, na chuma kinakuwa sumaku. Ukiondoa umeme, usumaku unaisha. Karibu yake kuna kibati kinachoshikiliwa na springi. Sumaku ikiamka inakivuta, kibati kinasogeza ncha mbili za metali zigusane au ziachane, na kwenye ncha hizo ndipo unapopita umeme mwingine kabisa, ule mkubwa wa pasi na birika. Mikondo hiyo miwili haikutani popote. Mdogo unaamrisha, mkubwa unatii, na hawajawahi kupeana mkono. Ile iliyo ndani ya mita ya tokeni kwa kawaida ni ya aina inayobaki ilipoachwa: inasukumwa kidogo tu, inafunguka, na itakaa hivyo mpaka isukumwe tena.

Mmarekani Joseph Henry aliifanyia majaribio mwaka 1835, na telegrafu ndiyo iliyoipa ajira. Ishara ikisafiri mbali kwenye waya huchoka. Rilei ilikuwa inapokea ile nguvu iliyobaki na kuitumia kufungulia betri mpya, safari iendelee. Hata jina lake limetoka kwa wajumbe wa zamani waliokuwa wakibadilisha farasi njiani. Sisi tungesema kupokezana vijiti. Lakini mwanariadha anayepokea kijiti anaweza kugeuka akaona nani kampa. Kwenye mita yako, ukigeuka, unamwona nani?

Zamani angalau kulikuwa na mtu. Alikuja na ngazi na koleo, na ungeweza kumwambia, "Fundi, ningojee hadi jioni tu." Angekutazama usoni kabla ya kukata, na wengine walishindwa kukata. Tusimpambe sana, lakini. Mwenye chai alibaki na mwanga, asiye nayo akalala gizani, na mara nyingine jina lako la pili lilifanya kazi kuliko risiti. Rilei haili chai. Haijui jina la pili la mtu yeyote. Kwa nchi kama yetu hiyo si sifa ndogo, na yeyote anayelia ati mashine hazina huruma akumbuke huruma ile ilikuwa inagawiwa vipi.

Ila kuna jambo la ajabu zaidi. Ile namba ya tarakimu 20 unayobonyeza inafasiriwa na mita yenyewe. Mita za aina hiyo hazihitaji kumpigia mtu simu. Kwa hivyo ikikukatia saa nane usiku, mtoto akiwa kwenye nebulaiza, huenda hakuna binadamu yeyote ofisini anayejua. Hakuna aliyekusudia. Je, ni tendo basi, ama ni kama mvua kunyesha?

Mimi nasema ni tendo, na ushahidi wangu uko Uingereza. Huko mita nyingi za kulipia kabla zimepangwa zisikate usiku wala wikendi, hata salio likiisha katika saa hizo. Deni linalimbikizwa, unalipa ukinunua tena. Hawana chuma chenye roho nzuri kuliko chetu. Mtu tu, mchana, akiwa mezani, aliandika sharti tofauti. Koleo halikutoweka, lilihamishwa tu kutoka usiku wa leo hadi kikao cha miaka kadhaa iliyopita.

Mahakama imewahi kuliangalia swali hili, kwenye maji. Mita nyingi za maji huhesabu kwa swichi ya ridi: vijiti viwili vyembamba vya metali ndani ya kijineli cha kioo kilichozibwa, ncha zao zikikaribiana bila kugusana. Gurudumu linalozungushwa na maji limebeba sumaku. Sumaku ikipita, vijiti vinavutana, vinagusana, hesabu inaongezeka, bila tundu wala waya kuingia kwenye maji. Wakazi wa Phiri, Soweto, waliwekewa mita za kulipia kabla: lita 6,000 za bure kwa mwezi, zikiisha maji yanasimama hadi ununue. Walishtaki kwamba wanakatiwa bila kusikilizwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba huko si kukatiwa, ni kusimamishwa kwa muda, kwa sababu maji yatarudi ukilipa au mwezi mpya ukianza. Yaani yamekatika. Naiheshimu mahakama ile, lakini ndoo tupu haijui sarufi.

Sidai stima iwe ya bure. Usipolipa wewe, bili inamwangukia jirani. Ninachodai ni kwamba sharti liwe na mwenyewe: mtu anayeweza kuulizwa kwa nini sifuri, na kwa nini saa nane usiku. Wengi wanaosoma hapa wanaandika programu za kazi, na masharti kama hayo yanapita mikononi mwao kila wiki, mstari mmoja katikati ya mistari elfu.

Na kwenye ploti nyingi siku hizi landlodi amefunga mita zake ndogo za tokeni, kila nyumba yake, na bei na masharti ameyapanga mwenyewe. Huyo anakaa hapo chini, mlango wa kwanza kushoto. Anabishiwa hodi.