Ngome ya Wenzako

Mtu akikubali kuwa msimamizi wa mchezo wa mapangoni, amekabidhiwa mali ya watu, hata kama mali hiyo ni karatasi na penseli tu. Wenzake wanne au watano wameizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake: mpiga upanga, mchawi, kasisi, mwizi hodari wa kufungua kufuli. Yeye ndiye ajuaye kilicho nyuma ya mlango. Yeye ndiye sauti ya kila zimwi na kila muuza duka, na akishasema mvua imenyesha, imenyesha. Mchezo huu ulichapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo umezaa michezo mingi ya ukoo wake. Kanuni zimeandikwa upya mara kadhaa. Madaraka ya yule anayekaa nyuma ya kadibodi inayoficha ramani hayajapungua sana, na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze, wewe kijana uliyeniuliza namna ya kuwaongoza wenzako sasa kwa kuwa wameacha kuwa wapita njia na wanataka kujenga makao.

Hamu hiyo ni ya zamani. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 1981 cha David Cook na Steve Marsh, mpiganaji mwenye dhahabu ya kutosha anaweza kujijengea ngome na kutawala ardhi inayoizunguka. Mnara mdogo uligharimu sarafu 15,000 za dhahabu, jengo kuu la ngome 75,000, na ujenzi ulikwenda kwa siku moja kwa kila sarafu 500. Maana yake mnara ni siku 30, na jengo kuu siku 150. Toleo la mwaka 2024 halingoji dhahabu hiyo. Linawapa wahusika makao wakifika ngazi ya 5. Mimi nakushauri uwahi zaidi, hata baada ya safari ya pili: wape kibanda kinachovuja ukingoni mwa msitu, na mzee mmoja wa kukifagia.

Nasema hivyo kwa sababu ya tabia kuliko kanuni. Wahusika wasio na makao hupata desturi mbaya. Wanamtukana chifu, wanachoma kilabu cha pombe, wanamwibia mjane, na kesho wako mji mwingine wakicheka. Wakishakuwa na paa, wana jirani. Wakiwa na jirani, kuna mtu wa kuwauliza kwa nini mbuzi wake amechinjwa. Huhitaji kuwahubiria wenzako wala kuwaadhibu kwa radi kutoka mbinguni. Mpe huyo jirani ulimi, inatosha.

Kanuni zenyewe ziwe chache. Warudipo kutoka mapangoni, hesabu siku zilizopita, waache wachague kitu kimoja cha kujenga, na kila chumba kiwe na faida moja inayoeleweka: chumba cha mganga kinaponya majeraha haraka, kiwanda cha mhunzi kinatengeneza silaha zilizovunjika, ghala linaweka mienge na chakula. Walinzi walipwe mwisho wa mwezi. Basi. Hesabu ikianza kula robo saa ya kikao, punguza hesabu. Nimeona meza ambapo mpenda takwimu mmoja alikalia daftari la ngome jioni nzima, wengine wakabaki kutazama simu zao. Daftari lizunguke. Na yule msichana mkimya pembeni umwulize kwa jina lake anataka chumba gani, kabla mwenye sauti kubwa hajalijaza jengo lote kwa maghala ya silaha zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kikao kimepoa, umekosa la kuwapa, unatazama ramani na unaiona ile ngome waliyoijenga kwa miezi. Unapata wazo: joka lije usiku liichome. Watashtuka! Watalia! Itakuwa hadithi!

Usifanye hivyo. Sisemi ngome isiguswe kamwe, maana ukuta usioweza kuanguka hauna raha ya kuulinda. Lakini fikiria nyumba katika bao letu la Kiswahili. Lile shimo lenye kete nyingi lina heshima yake: mchezaji anayekula, kete zake zikiishia kwenye nyumba yake, anachagua kulala pale au kusafiri nazo zote. Kuihatarisha nyumba ni uamuzi wa mwenye nyumba. Mpinzani naye anaweza kuila, lakini anaila kwa kanuni ambazo wote wawili wanazijua, mbele ya macho ya baraza zima. Hakuna bao ambamo anayetazama mchezo anainama na kuzoa kete za nyumba kwa sababu yeye amechoka. Msimamizi anayechoma ngome ili kuchangamsha jioni amefanya hivyohivyo.

Basi hatari ije ikionekana. Wiki moja kabla, wachungaji walete habari za moshi milimani. Kisha mateka aliyetoroka. Kisha mpelelezi anaswe karibu na kisima. Wachezaji wakiyasikia hayo na bado wakaamua kwenda kutafuta hazina mbali, wamechagua kusafiri, na dadu zirushwe mezani hadharani, si nyuma ya kadibodi. Ukuta ukianguka kwa dadu waliyoiona wenyewe, watasikitika kisha watatafuta mawe mapya. Ukianguka kwa sababu ulitaka uanguke, watakuchekea usoni, lakini hawatajenga tena. Vilevile usimteke nyara kila mtu wanayempenda. Mhunzi katekwa, mtoto wa mhunzi katekwa, mbwa wa mtoto katekwa. Baada ya hapo utaletewa wahusika mayatima wasio na rafiki hata mmoja duniani, na kosa si lao.

Ukubwa ni jalala, walisema wahenga, na jalala la msimamizi ni kuvumilia mpango wake kuharibiwa. Umeandaa pango lenye vyumba ishirini, wao wameingia vitatu, wakachukua sanduku la fedha, wakageuka. Waache. Katika zile kanuni za zamani kila sarafu ya dhahabu iliyofikishwa nyumbani salama ilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu, na zimwi lililouawa lilileta alama kidogo sana ukilinganisha. Mwenge mmoja uliwaka saa moja tu. Kila baada ya dakika ishirini za mchezo msimamizi alirusha dadu kuona kama kiumbe mzururaji anapita, bahati moja katika sita. Mchezo uliotengenezwa hivyo unamlipa anayejua wakati wa kurudi. Msimamizi anayewadhihaki wachezaji kwa woga wao kwa sababu tu alitamani waone chumba cha kumi na saba anawafundisha kinyume cha kanuni zake mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mateka. Gygax aliandika safari mashuhuri iitwayo The Keep on the Borderlands: ngome mpakani, na bondeni karibu yake mapango ya makabila ya viumbe maadui. Ndani ya mapango yale hamna wapiganaji peke yao. Wamo majike wao na watoto wao, wamehesabiwa chumba kwa chumba. Meza nyingi zimegombana hapo, mmoja akishika upanga, mwingine akikataa. Na hata kama wewe hutumii safari hiyo, kanuni zenyewe zinaweza kukuletea mateka, kwa sababu katika zile za zamani zimwi linaweza kupimwa moyo kwa dadu mbili na kusalimu amri. Usiwategeshee wenzako swali hilo kama mtego ili uone nani ni mwovu. Lizungumzeni kabla ya kikao cha kwanza: watoto wamo au hawamo, mateso yanasimuliwa au hayasimuliwi. Ukishakuwa na makao, una jibu ambalo wazururaji hawana. Kuna mahali pa kumweka mateka, kumlisha, kumhoji, kumpa kazi. Zimwi linalopika jikoni mwa ngome na kulalamika kuhusu chumvi litaupa mchezo wako uhai kuliko maiti thelathini. Hilo ni pendeleo langu, silifichi.

Wazee nyumbani huenda wakaona dadu na kuuliza maswali, au wakasikia neno mchawi na kukunja uso. Marekani kwenyewe miaka ya 1980 wapo wazazi na wahubiri waliouita mchezo huu ushetani. Usimjibu mama kwa dharau. Mwonyeshe kwamba hapana pesa inayowekwa, mkaribishe asikilize nusu saa, na kama hapendi mchezwe sebuleni kwake, tafuteni mahali pengine. Nyumba ni yake.

Vitabu pia. Najua bei yake, na najua nakala za wizi zinavyopitishwa kwenye simu. Mwezi Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kila mtu azitumie bure kihalali, kwa hiyo kisingizio kimekwisha. Kanuni za kujenga mnaweza kuzitunga wenyewe kwenye ukurasa mmoja.

Umeniuliza mwisho kuhusu mwenzenu aliyepata kazi mkoa mwingine na hatarudi. Wenzako wanataka auawe mapangoni kwa kishindo ili chumba chake kigawanywe. Mpigie simu kwanza. Huenda anataka mhusika wake abaki pale kama mwalimu wa walinzi, huenda anataka aondoke na punda na fungu lake la dhahabu, huenda kweli anataka kishindo. Atakalosema liandike kwenye daftari la ngome, na kikao kijacho uwasomee wote kabla hamjafungua ramani.