MUFLISI NA DHIMA YAKE

Deni ni haki ya mtu iliyo shingoni mwa mwingine. Mfanya biashara aliyezidiwa na wadai huuliza: akiisha kufilisiwa mbele ya hakimu, deni limekufa? Swali hili lina pande mbili, na wengi huzichanganya.

Upande wa kwanza ni sheria ya serikali. Katika Kenya, sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 humpa mdaiwa njia kadhaa. Aweza kupatana na wadai wake, au kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali, na deni lake ni baina ya shilingi 100,000 na 4,000,000, ana njia ya kumweka huru baada ya miezi 12. Aliyetangazwa muflisi hufunguliwa kwa kawaida baada ya miaka 3 tangu kutoa maelezo ya mambo yake. Walakini deni la udanganyifu halimwondokei. Ama kampuni, yaweza kuwekewa msimamizi ili iokolewe kabla ya kuvunjwa.

Upande wa pili ni sheria ya dini. Wanavyuoni wa madhhabu ya Shafi husema kwamba kadhi humwekea muflisi hajri, yaani humzuia asitumie mali yake. Kisha huuzwa, na wadai hugawana kwa kadiri ya madai yao. Yeye huachiwa nguo zake, na chakula chake na cha walio juu yake. Kilichosalia hakifi, bali hukaa katika dhima yake. Hata hivyo hafungwi wala haandamwi, kwani Suratul Baqara, aya ya 280, yaamrisha mwenye dhiki apewe muhula hata apate wepesi, na yasifu kumsamehe. Tena waliolemewa na madeni wana fungu katika zaka.

Atasema msemaji: Hakimu amekwisha kuhukumu, kuna nini tena? Jawabu ni kwamba hukumu humzuia mdai asidai, nalo ni jambo jema, maana lafanana na ule muhula. Walakini haigeuzi mali ya mtu ikawa ya mwingine. Mwenye kusamehe ni mwenye haki, si karatasi ya mahakama.

Kwa hiyo anayejitayarisha kwenda mahakamani na aandike kila deni na kila mali, hata kile kidogo alichokopa kwa jirani bila shahidi. Asimlipe ndugu kwa siri akawaacha wengine, asihamishe nyumba kwa jina la mkewe, wala asikope tena hali ajua hana cha kulipia. Na daftari lile asilitupe siku ya kufunguliwa. Mwenyezi Mungu akimjaalia wepesi baadaye, majina yale ndiyo ya kwanza kuendewa, ijapokuwa hapana awezaye kumshitaki.